Kijana Asiyesali Achague Chuo Gani?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bombolulu, Kisauni)

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu.

Mama mmoja alinijia jioni baada ya mchango. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na amepata alama za kuendelea. Lakini amemwambia, "Mama, mimi sina dini tena. Sitaki chuo cha dini." Mama alilia. Wanachama wengine wakasema pesa za karo zisitolewe mpaka kijana arudi kusali.

Mimi ni Mkatoliki, tena nafanya kazi ya kanisa. Hata hivyo nasema: tumsikilize huyu kijana.

Niliwahi kukosea. Nilimshauri kijana mwingine ajaze fomu ya chuo cha dini, aandike kwamba yeye ni muumini, maana karo ilikuwa nafuu. Kumbe ibada ilikuwa lazima kila asubuhi. Muhula wa pili akachoka kujifanya, akaondoka. Karo ikapotea, naye akaacha kunisalimu. Chuo hakikumkosea, masharti yalikuwa yameandikwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema uongo.

Jamani, chuo kisicho cha dini si chuo cha kupinga dini. Vukeni daraja la Nyali mwende Tudor. Pale palianza taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, wazee wanaikumbuka kwa jina la MIOME. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mali ya umma. Leo wa msikitini, wa kanisani na asiyekwenda kokote wanasoma darasa moja. Kilifi nako kuna Chuo Kikuu cha Pwani, cha umma vilevile. Tena anayesoma Tudor aweza kulala nyumbani Bombolulu, kodi ya chumba ikaokolewa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, yasema mtu asilazimishwe kutenda lililo kinyume na imani yake. Na sisi Wakatoliki tusisahau: Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu asishurutishwe kwenda kinyume na dhamiri yake katika mambo ya dini.

Basi kabla kikundi hakijalipa, keti na kijana muulize chuo maswali haya:

1. Je, ibada ni lazima au hiari?
2. Kuna somo la dini ambalo lazima alipasi?
3. Kuna fomu ya kukiri imani ya kutia sahihi?
4. Kozi yenyewe inatambuliwa na serikali?
5. Karo, nauli na chakula, jumla ni ngapi kwa mwaka?

Vyuo vingi vya dini hupokea watu wa kila namna, kwa hiyo msihukumu kwa jina la chuo. Ulizeni.

Mama yule bado anamwombea mwanawe, na hiyo ni haki yake. Lakini pesa za kikundi tulichanga ili watoto wasome. Hatukuzichanga kununua sala zao. Kijana akijua nyumbani anaweza kusema kweli, atarudi nyumbani.

Mjadala wa kikundi: Je, kanuni zetu za mkopo wa karo zinasema lolote juu ya dini ya mtoto? Zifaa kusema?