Dishi Pekee Halitoshi



Kila mwaka wanafunzi wa chuo chetu wanapochagua masomo huwa naisikia hoja hii: intaneti ya setilaiti ni kazi ya wenye maroketi, kijana wa Bunda, mkoani Mara, ajue tu kufunga dishi juu ya bati. Kufunga dishi kunalisha familia, sikatai. Hoja yenyewe ndiyo haisimami.

Wenye hoja hudhani mawimbi yakishafika, kazi imekwisha. Setilaiti za zamani za intaneti zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lipande na kushuka, jibu nalo vivyo hivyo, na hapo karibu nusu sekunde imekwenda. Nilipokuwa nasoma ng'ambo, kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, nilimpigia mama simu iliyopita huko juu. Tulianza kusema kwa pamoja, kisha tukanyamaza kwa pamoja. Intaneti ya setilaiti ya Starlink, ambayo Kenya inayo tangu 2023, imeshuka hadi kilomita 550 hivi, na muda wa kusubiri jibu umepungua sana. Lakini setilaiti hizo hazitulii. Kila sekunde 15 mtandao hupanga upya dishi lipi lihudumiwe na setilaiti ipi, na katika kukabidhiana huko pakiti, yaani vipande vya data, huweza kupotea.

Hapa nivumilieni, maana upotevu huo wa pakiti unanifikisha kwenye makala niipendayo kuliko zote, ya Van Jacobson na Michael Karels, 1988. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika nusu kilomita, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 hadi 40 kwa sekunde. Hawakuvuta waya mpya. Walirekebisha programu ndani ya kompyuta zinazotuma: pakiti ikipotea, hesabu kwamba njia imejaa, punguza mwendo. Na waliandika wazi, kwa uaminifu ninaoustahi, dhana waliyoisimamia: pakiti kuharibika njiani ni jambo adimu, chini sana ya asilimia 1.

Mvua kubwa ya ziwani ikishuka Kabasa, huko Bunda, na kudhoofisha mawimbi ya setilaiti, dhana hiyo inavunjika. Pakiti imepotea, njia iko wazi, na kompyuta inajizuia bure. Wahandisi wa Google walipotoa kanuni ya BBR mwaka 2016, inayopima kasi ya njia na muda wa safari badala ya kungoja upotevu, walilitatua tatizo hilo kwa msimbo, bila kugusa roketi.

Nitaambiwa hatuna vifaa. Msimbo wa Linux uko wazi; kanuni hizo za kudhibiti mwendo wa pakiti zinasomeka na kubadilishwa, na kompyuta mbili zenye waya kati yake zinaweza kuiga ucheleweshaji na upotevu wa angani. Anayeijua mvua ya Mara ndiye ninayemtaka aandike msimbo wa kuivumilia.

Naiomba Seneti ya chuo iliingize somo la itifaki za mtandao, pamoja na maabara yake, katika mwaka wa kwanza, na ninajitolea kulifundisha.