Kifua Kikuu Kisichokohoa

Mtu wa Bungoma anaumwa na tumbo, upande wa kulia, chini. Anaharisha, anakonda, jioni homa inapanda. Anapewa dawa za taifodi, kisha za ameba, kisha za vidonda vya tumbo. Kumbe ni TB ya utumbo.

Kwa nini haionekani? Kwanza, twangoja kikohozi, na makohozi yakipimwa mara nyingi hayana kitu. Pili, hata kamera ikiingizwa utumboni, vidonda vya TB hufanana na vya saratani au vya Crohn, ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo. Na hapo, msikilizaji, ndipo penye hatari: Crohn hutibiwa kwa steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, na TB hupata mwanya wa kuenea.

Basi daktari afanyeje? Wapo wanaosema aanzishe dawa za TB za miezi 6, ambazo hospitali za umma hutoa bure, aone kama mgonjwa atapata nafuu. Wengine wanapinga: dawa hizo zaweza kuumiza ini, na ikiwa ni saratani, muda umepotea. Kipande cha utumbo kipimwe kwanza. Mimi naegemea huku, ingawa mgonjwa wa Kitale akitumwa Eldoret kwa kipimo hicho, ni kama kilomita 70.

Na ili kujikinga, jamani, chemsheni maziwa. TB ya ng'ombe hupitia humo.

Sasa swali: asiye na nauli asubiri kipimo, au ameze dawa za kubahatisha?