UPENDELEO ULIOFUTWA NA UPENDELEO ULIOACHWA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika darasa la siasa la tawi. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo vijana wetu hubishana kila wanapokutana. Tarehe 29 Juni 2023 Korti Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya kuvikataza vyuo vikuu vya huko kuangalia rangi ya mtu vinapochagua wanafunzi. Wako wanachama wanaosema kwamba hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa sisi wenyewe tulipigana ili mtu asihesabiwe kwa rangi yake. Basi, wanauliza, tuna ugomvi gani nayo?

Swali hilo si la kijinga. Katika Tanganyika ya mkoloni zilikuwako shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na fungu la Mwafrika ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Mpango huo ulivunjwa mwanzoni mwa 1962, mara tu baada ya uhuru. Mtu wa nchi iliyopita katika hayo akisikia kwamba rangi inatajwa tena mlangoni mwa chuo, lazima ashtuke. Walakini kabla ya kuisifu hukumu ile, yafaa tujue mlango huo wa Marekani ulijengwaje, na ni nani waliokuwa wakipita.

Mwaka 1946 mtu mweusi aitwaye Heman Sweatt aliomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Texas. Alama zake zilitosha. Rangi yake haikutosha. Serikali ya jimbo ilifungua chuo kingine kizima cha sheria kwa ajili ya watu weusi, mradi tu huyu bwana asikae darasa moja na Wazungu. Ilimbidi angoje mpaka mwaka 1950, Korti Kuu ilipoamuru aingizwe. Mwaka 1962 James Meredith, aliyekuwa ametumikia jeshi la anga la nchi yake miaka 9, alitaka kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi. Gavana mwenyewe alisimama kumzuia. Rais Kennedy alipeleka maelfu ya askari, na usiku wa fujo watu 2 waliuawa. Meredith alihitimu mwaka 1963, na muda wote aliokaa chuoni alikuwa akilindwa na maofisa wa serikali. Nawaombeni mkumbuke mwaka huo. Sisi tulikuwa tumekwisha kupata uhuru, na raia wa Marekani alihitaji jeshi ili apate kiti darasani.

Ndipo ukaja mpango wa kuwafungulia mlango walionyimwa. Rais Kennedy aliuanza katika kazi za serikali mwaka 1961, na Rais Johnson akaueleza mwaka 1965 mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyefungwa minyororo miaka mingi huwezi kumfungua leo, ukamsimamisha mstarini na wakimbiaji wengine, ukasema mashindano haya ni ya haki. Mkulima yeyote hapa anaifahamu hoja hiyo bila kufundishwa.

Vyuo vikaanza kila kimoja kwa njia yake. Shule ya udaktari ya Davis, huko California, ilikuwa na nafasi 100 kwa mwaka, ikatenga 16 kwa watu wa makabila madogo walionyimwa nafasi. Mhandisi mmoja Mzungu, Allan Bakke, alikataliwa mwaka 1973 na tena 1974, akashtaki. Mwaka 1978 Korti Kuu iliamuru aingizwe, ikakataza kutenga viti, lakini ikaruhusu rangi itazamwe kama jambo moja kati ya mengi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Michigan kilikatazwa kumpa mwombaji alama 20 kati ya 150 kwa sababu ya rangi tu, na siku hiyo hiyo shule yake ya sheria ikaruhusiwa kuendelea kumtazama kila mwombaji kwa ujumla wa maisha yake. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba anatumaini baada ya miaka 25 jambo hilo halitahitajika tena. Hesabuni wenyewe: miaka 25 inatimia 2028. Mlango ulifungwa mwaka wa 20.

Je, haja ilikuwa imekwisha? Katika hesabu ya Benki Kuu ya Marekani ya mwaka 2022, ukizipanga familia za Wazungu kwa mali, ile ya katikati ilikuwa na dola 285,000. Ya katikati kwa watu weusi ilikuwa na dola 44,900. Mali hiyo ndiyo inayomchagulia mtoto mtaa, na mtaa unamchagulia shule. Mtoto anafika mbele ya mtihani akiwa amekwisha pangiwa mambo mengi, kisha tunaambiwa karatasi haina rangi.

Matokeo yalionekana mara moja, ingawa si kila mahali. Katika wanafunzi wapya walioingia mwaka 2024, chuo kiitwacho MIT kilishuka kutoka watu weusi asilimia 13 mpaka 5. Amherst ilishuka kutoka 11 mpaka 3, na Harvard kutoka 18 mpaka 14. Yale ilibaki 14. California ilikuwa imeonja mapema, maana wapiga kura wake walikataza jambo hilo mwaka 1996. Chuo Kikuu cha jimbo hilo kiliieleza Korti Kuu mwaka 2022 kwamba kimetumia zaidi ya dola milioni 500 kutafuta njia nyingine isiyotaja rangi, na bado hakijafika kinakotaka.

Sasa nafika penye kiini chenyewe. Wale wanaosema kwamba tangu sasa kila mtu atapimwa kwa alama zake wamedanganywa, au wanadanganya. Vyuo hivyo vikubwa havichagui kwa alama tupu. Kesi ya Harvard ilipofikishwa mahakamani, daftari zake zilifunguliwa, na wataalamu wa uchumi wakazihesabu. Waliona kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo walioitwa na makocha, au watoto wa waliosoma pale, au watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu walio katika orodha maalumu ya mkuu wa uandikishaji, ambamo jamaa za watoa fedha huingia. Kwa hesabu yao, karibu robo tatu ya Wazungu hao wangekataliwa kama wasingekuwa na ubavu huo. Na kiongozi wa hesabu hiyo ni yule yule aliyetoa ushahidi upande wa walioshtaki chuo, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba ni maneno ya mtu mwenye chuki.

Upendeleo huo wa watoto wa wenyewe haukuguswa na hukumu ya 2023. Ni kweli Korti haikuombwa kuamua juu yake. Lakini mnyonge aliyeambiwa atoke kwenye foleni kwa jina la usawa, akigeuka na kumwona mtoto wa tajiri akiingizwa kwa mlango wa nyuma, ana haki ya kuuliza usawa huo ni wa nani. Majimbo machache yameanza kuamka. Colorado ilikataza jambo hilo katika vyuo vyake vya serikali mwaka 2021, Virginia na Illinois mwaka 2024, na mwaka huo huo Maryland na California zikatunga sheria zinazovifikia hata vyuo vya watu binafsi. Amherst yenyewe iliacha mwaka 2021 bila kulazimishwa.

Msidhani upendeleo huo na kupima tabia za watu vilianza kwa bahati. Mwaka 1922 mkuu wa Harvard, Lowell, aliona Wayahudi wamepita mtu mmoja katika kila watano, akataka wasizidi asilimia 15. Alipopingwa hadharani, chuo kikaja na njia ya pole pole: tangu 1926 kikaanza kupima tabia na haiba ya kijana pamoja na alama. Wayahudi wakapungua bila neno Myahudi kuandikwa popote.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kesi ya 2023 ililetwa kwa jina la vijana wa Marekani wenye asili ya China, Korea, India na nchi jirani zao. Walilalamika kwamba wanapewa alama ndogo za haiba na watu ambao hawajawaona hata kwa macho. Mahakama ya kwanza mwaka 2019 haikuona kwamba chuo kiliwabagua kwa makusudi. Hata hivyo, mimi nikikumbuka ya Wayahudi, siwezi kuwacheka. Wazee wa watu hao nao walionewa: vibarua wa Kichina walipigwa marufuku kuingia nchi ile kwa sheria ya 1882. Kosa ni kuwagombanisha wao na watu weusi juu ya viti vichache, hali viti vya watoto wa wenyewe vikiwa havijadiliwi.

Na jingine linatuhusu sisi. Tangu ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 wa Kenya, aliyoipanga Tom Mboya, ilipoondoka mwaka 1959, watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisoma huko, na wengine wamezaa huko. Katika vyuo vile vyenye majina, wengi waliohesabiwa kuwa watu weusi walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, na wasomi weusi wa huko wamelisema hilo wazi tangu 2004. Mpango uliotungwa kwa ajili ya wajukuu wa watumwa wa Mississippi ulikuwa ukimsaidia mtoto wa daktari aliyetoka Nairobi au Lagos. Simlaumu mtoto. Lakini mpango unaoangalia rangi na kusahau umaskini una tundu, na adui zake waliingilia tundu hilo. Texas, tangu 1997, ilijaribu njia nyingine: walioongoza katika kila shule ya sekondari, ya tajiri na ya maskini, wanaingia chuo cha jimbo. Ina kasoro zake, lakini mtoto wa kijiji anaonekana.

Mwisho, kwa wazazi wenye watoto wanaotuma maombi huko wakiwa hapa nyumbani: raia wa nchi yetu huhesabiwa katika fungu la wageni, si katika hesabu ya watu weusi wa Marekani, kwa hiyo hukumu hii haimpunguzii wala kumwongezea sana. Kwa wale waliozaliwa huko, Korti iliacha nafasi moja. Mwombaji anaweza kuandika katika barua yake jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake na alivyopambana, na chuo kinaweza kupima ushujaa huo. Basi aandike yaliyompata kweli, kwa majina ya mahali na mwaka. Nipo kwa maswali, ndugu Mwenyekiti.