Mguu Uliotoka Nje ya Mstari

Somo: Waefeso 2:8-10



Hapa kwetu jina la Naftali Temu halihitaji kuelezwa. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, mwana huyu wa Nyamira alishinda mbio za mita 10,000, akailetea Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Twafurahi kulisimulia jambo hilo, na ni haki yetu.

Lakini leo tumtazame Mkenya mwingine aliyekimbia katika mbio zizo hizo. Ilipobaki mizunguko miwili, Kipchoge Keino alishikwa na maumivu makali ya tumbo, akaanguka kwenye majani, nje ya njia ya wakimbiaji. Akainuka, akarudi, akakimbia mpaka mwisho. Walakini hakuhesabiwa. Sheria ilikuwa moja kwa wote: aliyeiacha njia ya mbio, mbio zake zilikuwa zimekwisha. Waamuzi hawakumwonea. Wiki moja baadaye, tarehe 20 Oktoba, alishinda dhahabu ya mita 1,500. Lakini hata dhahabu hiyo haikuyabadili matokeo ya mbio zile za kwanza.

Ndugu, wengi wetu tumo katika hali hiyo. Yuko aliyesogeza mpaka wa shamba la ndugu yake. Yuko aliyekula fedha za kanisa, na yuko aliyemtupa mke wa ujana wake. Sasa anajuta. Anatoa sadaka kubwa, anaimba kwa sauti kuliko wote, akitumaini kwamba jasho la leo litafuta kosa la jana. Halifuti.

Wala majuto peke yake hayaokoi. Yuda alijuta, na Petro alijuta. Yuda aliyapeleka majuto yake kwa makuhani, nao hawakuwa na la kumsaidia; akaenda akajinyonga. Petro alilia kwa uchungu, lakini alibaki na wenzake mpaka akaonana tena na Bwana wake.

Hapa ndipo mfano wa uwanja unapoishia. Pale Mexico hakuna aliyeweza kukimbia kwa niaba ya Keino. Sisi tunaye. Mungu hakuufuta mstari wake ili tuonekane hatukuanguka. Kristo aliumaliza mwendo bila kukanyaga nje hata mara moja, akaibeba hukumu iliyokuwa yetu, na taji akatupa bure.

Basi, wewe uliyesogeza mpaka, kesho asubuhi nenda ukaurudishe. Usiurudishe ili uhesabiwe. Urudishe kwa sababu katika Kristo umekwisha kuhesabiwa.

Na tuombe. Bwana, hukumu yako ni ya haki, nasi tumeanguka. Tuinue kwa neema yako, utufundishe kutengeneza tulipoharibu. Katika jina la Yesu. Amina.