Pikipiki ya zamani ndani ya lupango: tuichunge ao tuiuzishe?

Maneno yenye ekipe yetu ya tereni ilisema kwenye mukutano wa wanamemba, hapa Katoto, Kamina. Tumeyaandika kwa ajili ya wale wenye hawakufika, na kwa marafiki wenye wanatusaidia kutoka mbali.



Munajua sababu gani tuko hapa. Mufanya-biashara mumoja alikuja kuona ile Yamaha, akaizunguka mara mbili, akatoa bei, feza mukononi. Komite itapiga kura kwenye mukutano wenye kukuja. Wengine wanasema tuiuzishe mbio, mbele mashini haijakufa tena. Wengine wanasema haitauzishwa hata kidogo. Sisi hatuna kura, sisi ni watumishi tu. Lakini tulikuwa hapo wakati ilifunguliwa, na tulikuwa hapo wakati iliwaka. Basi komite ilituomba tueleze mambo tatu: ile mashini ni nini, kazi gani ilifanywa juu yake, na kuichunga kunaomba nini.

Tuanze na mashini. Ni Yamaha AG 100. Zile herufi AG zinatoka ku neno lenye maana ya kilimo, juu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashamba. Injini yake ni ya tempo mbili, silindri moja, santimetre kibe 97. Sheni inapita ndani ya sanduku ya chuma, na kwa hiyo vumbi na matope ya njia zetu haviikule mbio. Freni zote mbili ni za tamburi, hakuna mafuta ya freni ya kutafuta. Mbele na nyuma kuko portbagaji ya chuma. Haikimbie sana, lakini inabeba na inavumilia. Ndiyo sababu misioni, watu wa afya na miradi mingi ya Kongo waliipenda.

Hii yetu iliachwa na muradi mumoja wenye ulifunga. Miaka mingi ilikaa nyuma ya nyumba, kuku zinalala juu ya kiti. Wakati ilitolewa kwa shirika, pistoni ilikuwa imeshikamana ndani ya silindri, rezervuari imejaa kutu, mipira yote mbili imepasuka. Watu walituambia: ile ni chuma ya kupima kwa kilo.

Kazi haikuanza na kle, ilianza na karatasi. Komite iliomba barua ya kutoa, yenye saini na namba ya shasi, kisha karte roze ikawekwa ku jina la shirika, hapana ku jina la mutu. Tunasema hii mbele ya wote juu pikipiki bila karatasi inageukaka mali ya ule mwenye kuchunga ufunguo. Leo kama tunaweza kuzungumuza kuiuzisha ao kuichunga, ni juu ya ile barua.

Kisha kazi yenyewe. Ilifanyika ndani ya lupango ya muzee mumoja wa shirika, chini ya muembe, juu ya basha, kila siku ya Posho. Mwenye kuongoza alikuwa ndugu mumoja mwenye alirudi kutoka Zambia. Munakumbuka: watu wetu walikaa kwenye kambi za Kala na Mwange, na kuanzia 2007 wakaanza kurudishwa. Ule ndugu alijifunza mekaniki kule kambini. Alirudi na kle 4 ndani ya mufuko, na kwa miaka hakuna mutu mwenye alimuuliza anajua nini. Vijana 2 walikaa pembeni yake, kijana mwanamuke 1 na kijana mwanaume 1, na kayee. Kila buloni yenye ilitoka iliwekwa ndani ya kopo na kuandikwa mahali ilitoka. Hii haikukuwa mapambo. Bila kayee, mashini ya kufungua inakuwa mashini ya kupoteza.

Pistoni yenye kushikamana haipigwe nyundo, na hawaruke juu ya kiki. Walitoa bujii, wakamwanga ndani mafuta yenye kuchanganywa na petroli ya taa, wakaacha siku kadhaa. Kisha wakatoa kulase na wakasukuma pistoni polepole na kipande cha muti. Ikatoka. Lakini silindri ilikuwa na mikwaruzo mirefu. Ilibidi kuituma Lubumbashi, karibu kilometa 600 kwa reli, waipanue na kuweka pistoni na segma zenye kipimo kikubwa zaidi. Tulingoja. Wenye kujua treni yetu wanajua maana ya neno kungoja.

Wakati wa kungoja haukupotea. Rezervuari iliwekwa siniki na changarawe, ikatikiswa, ikalala siku 2, ikaoshwa na maji yenye bikarbonate, ikakaushwa, na mara moja ikapakwa esansi kidogo ndani ili kutu isirudie. Mutu mumoja alisema tuisudere tundu yake ndogo. Mekanisien wetu alikatala: rezervuari yenye kuwa na harufu ya esansi, hata kama inaonekana tupu, inaweza kupasuka sawa bombe. Tundu ilizibwa na kole ya chuma.

Freni vilevile. Garniture za zamani zinaweza kuwa na amianti, na vumbi yake inaharibu mapafu. Kwa hiyo hakuna kupuliza tamburi na kinywa, sawa vile wengi wanafanyaka. Inalowanishwa na maji ya sabuni na kufutwa na kitambaa, kile kitambaa kinafungwa ndani ya sashe na kuzikwa. Ile kanuni moja tu, kama vijana 2 wataibeba maisha yao yote, imelipa siku za Posho zote.

Joint za pembeni ya vilebrekeni zilibadilishwa, hata kama macho yalikuwa yanaziona nzuri. Injini ya tempo mbili inapumua kupitia karteri. Joint ikikauka, hewa inaingia, esansi inapunguka, joto inapanda, na pistoni inashikamana tena. Mwenye kutengeneza silindri na kuacha joint anatengeneza kazi yake mara mbili. Platini zilisafishwa na kupimwa, bujii mupya ikawekwa na nafasi ya milimetre 0.6 mpaka 0.7. Pompi ya mafuta ilitolewa hewa. Na kwa safari za kwanza waliongeza mililitre 20 ya mafuta ya tempo mbili ndani ya kila litre ya esansi, juu hakuna mutu mwenye kuiamini pompi ya zamani siku ya kwanza.

Kule Ulaya na Amerika kuko watu wenye wanatengeneza pikipiki za zamani ili zifanane kabisa na siku ile zilitoka fabriki. Wanatafuta hata buloni ya mwaka ule. Tunawaheshimu, lakini hapa kusudi ni ingine. Ndani ya injini, karburateri na freni, ni piese za kipimo chake tu. Inje, mipira, taa na retrovizeri ni za zile pikipiki za Chine na Inde zenye kujaa soko, juu kesho zikivunjika tutazipata hapa hapa. Rangi iliwekwa mahali palikuwa na kutu tu. Siku iliwaka, moshi ilijaza lupango muzima, watoto wakapiga kelele, na jirani moja akaja kuuliza nyumba gani inaungua. Kisha moshi ikapunguka na mashini ikashika sauti yake.

Sasa, kazi yake. Munajua ile yenye haionekane ndani ya rapport: dawa kufika kwa ule mwenye hawezi kutembea, mbegu kupelekwa mbele ya mvua, mutu wa komite kufika kwenye kilio. Na munajua usiku ule wa mama mwenye mimba. Uchungu ulianza saa 7 ya usiku, taximoto hakuna, mvua inanyesha. Alifika matenite akiwa amekaa katikati ya dereva na mamukwe yake, na mutoto alizaliwa mbele ya asubuhi. Wote wako hapa leo. Tunafurahi sana. Lakini tunaomba tusiseme kwamba tuko na ambulansi. Mutu mwenye kutoka damu nyingi, ao mwenye kupoteza akili, anaweza kuanguka njiani. Kwa ule, ni muchukuzi wa kulala, ni gari, ni kupiga simu mapema. Pikipiki inasaidia wengi, haisaidie wote, na mwenye kusahau hii ataua mutu kwa upendo.

Tusikie wale wenye kusema tuuzishe, juu hawasemi ujinga. Wanasema: piese za injini zinatoka mbali. Ni kweli. Wanasema: tempo mbili inakunywa mafuta na kutoa moshi kuliko pikipiki mupya za tempo ine. Ni kweli. Wanasema: feza ya mufanya-biashara inaweza kusaidia jamaa nyingi msimu huu wa kulima. Vilevile ni kweli, na mama mwenye hana mbegu hawezi kupanda pikipiki.

Kwa upande ingine, muangalie kayee ya kesi. Feza yote ya piese, pamoja na kazi ya Lubumbashi, haikufika hata nusu ya bei ya pikipiki mupya. Bei yenye mufanya-biashara ametoa inapita kidogo tu ile feza. Ni kusema anatulipa piese na anachukua bure kazi ya mikono yetu. Tukigawa ile feza, kila jamaa itapata kitu cha juma chache. Na kisha, usiku wa mvua ukirudi, tutaanza tena kugonga milango.

Lakini, bandugu, kusema tuichunge bila kusema namna gani, ni kuiua polepole. Tuliona pikipiki za shirika zingine. Hazikufa juu ya uzee. Zilikufa juu kila mutu alikuwa bwana yake na hakuna mutu alikuwa mutumishi yake. Kwa hiyo tunatoa masharti 4, na tunasema wazi: kama mukutano hauyakubali, basi muiuzishe leo wakati iko na bei.

Ya kwanza: ufunguo unakaa kwa mutu mumoja, na kila safari inaandikwa: nani, wapi, saa ngapi, kilometa ngapi. Hata musimamizi anaandika.

Ya pili: kila safari ya kawaida inalipiwa kitu kidogo, na sehemu ya ile feza inaingia ndani ya kesi ya piese yenye haiguswe kwa kazi ingine. Safari ya mugonjwa haiombwe feza kwanza. Shirika inaiandika na inalipa yenyewe. Kidole kimoja hakivunje chawa.

Ya tatu: mafuta ni ya tempo mbili tu, yenye kununuliwa ndani ya kopo ya kufungwa. Vidanje vya gari haviingie ndani ya rezervuari ya mafuta, hata kama ni vya bure. Kila Posho sheni, freni na bujii vinaangaliwa na wale vijana 2, na wanatia saini.

Ya ine: watu wawili tu juu ya kiti, na kaske. Safari ya muzigo ni muzigo, safari ya mutu ni mutu. Ule usiku wa mama tulikubali watatu juu hapakukuwa njia ingine. Isigeuke desturi.

Kwa marafiki wenye kutoa: wengine kati yenu walituandikia wakauliza sababu gani musaada wenu uliingia ndani ya mashini ya zamani, kuliko kuomba mupya. Ulizo ni la haki. Jibu letu ni hili: mupya ingefika na kazi ingeisha kwa wengine. Hii ya zamani imefika na mekanisien 1 mwenye leo anaitwa na majirani, na vijana 2 wenye wanaweza kufungua injini na kuifunga bila buloni kubakia. Tayari watu wanaleta kinga na pikipiki zao ndani ya lupango. Kama munataka kusaidia tena, hatuombe pikipiki. Tunaomba kese moja kamili ya kle, kipimo cha nafasi ya bujii na platini, chombo cha kutoa volani, na segma za akiba. Vitu hivi vinaingia ndani ya karto moja.

Na kwenu wanamemba: kayee ya kesi na kayee ya mekaniki viko juu ya meza kwa sekretere mpaka siku ya kura. Mwenye hajui kusoma, vijana watamusomea. Mupige kura na hesabu mukononi, na ule mwenye kushindwa asaidie ule mwenye kushinda.