Ngitili Ndiyo Akiba Yetu
Maneno ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka



Kila mwaka tunasimama hapa kuomba mabati, madawati na saruji. Mwaka huu tunaomba fedha za kupima mipaka ya ngitili. Tutaeleza sababu.

Kwa vijana waliozaliwa mjini: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Nyasi zinakua, zinakomaa, zinadondosha mbegu. Kiangazi kikikaza linafunguliwa, na wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na wanyama dhaifu. Sisi wahasibu tungeiita akaunti ya muda maalumu: ukitoa kabla ya wakati, faida huioni.

Wazee walikuwa na akaunti hiyo kabla benki haijafika Usukumani. Kisha wakoloni walifyeka misitu ili kuua mbung'o, pamba ikatwaa ardhi, na kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukaacha ngitili nyingi bila mlinzi. Mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania. Mama zetu wakapikia samadi na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kazi ilishika kasi wataalamu walipojenga juu ya mila ambayo wananchi walikuwa nayo tayari. Ngitili zilizojulikana mwaka ule zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Sehemu kubwa haikuhitaji miche: visiki vya migunga vilichipua vyenyewe vilipopumzishwa. Kuni, fito, dawa na nyasi za kuezekea zikapatikana karibu na nyumbani. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Leo akiba hiyo inamegwa. Watu wameongezeka, mashamba yanagawanywa kwa urithi, na mkaa una soko. Mipaka mingi iko vichwani mwa wazee: kutoka mkwaju ule hadi kichuguu kile. Mzee akifariki, ugomvi unaanza. Adhabu ya dagashida inamtisha mwenyeji. Mnunuzi kutoka mbali anauliza karatasi.

Karatasi inawezekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila, na hati inaweza kutolewa kwa mtu, familia au kikundi. Vikao, upimaji na alama za mipaka ndivyo vinavyohitaji fedha.

Tuna neno moja zaidi. Wengi wetu humu ukumbini tuna ng'ombe nyumbani wanaochungwa na ndugu zetu. Kiangazi wanakula ngitili ileile, huku ulinzi wake ukibebwa na walioko kijijini peke yao. Kwa hiyo tunapendekeza kila mmoja achangie kulingana na idadi ya ng'ombe wake. Hatutahesabu zizi la mtu; kila mmoja anaijua hesabu yake.

Daftari liko mezani, na kila mchango utapewa stakabadhi. Mapato na matumizi yatasomwa kijijini, mbele ya wazee, kabla ya kusomwa hapa.