Shaba Imepata Treni, Bukari Je?

Wasikilizaji, habari za reli ya bandari ya Lobito mmezisikia. Jumatano tarehe 4 Desemba 2024 Rais Biden wa Marekani alikuwa kule Angola, Rais wetu Tshisekedi alikuwepo, Hichilema wa Zambia alikuwepo. Dola zimetajwa, mikono imepeanwa. Hayo tuyaache. Sisi wa Lubumbashi, tunaouita ugali bukari, tunauliza: shaba imepata treni, bukari je?

Mji huu ulizaliwa na treni. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea Sakania, ndipo mji ukaanza. Makao makuu ya SNCC, shirika la reli la Kongo, yako hapa. Karakana ziko hapa. Wafanyakazi wa reli wako hapa, na wake zao, wanaojua maana ya kungoja mshahara, wako hapa.

Lakini angalieni njia yenyewe ya Lobito. Lobito hadi Dilolo, Dilolo hadi Kolwezi, Kolwezi hadi Tenke. Mkopo wa Wamarekani, dola milioni 553, ni wa reli ya upande wa Angola. Na ile reli mpya ya Zambia, kilomita 800 hivi, itatoka Angola kwenda moja kwa moja mpaka Chingola. Waulizeni wazee: kabla ya vita vya Angola vilivyoanza mwaka 1975, shaba ya Zambia ilipita kwetu, Sakania, Lubumbashi, Tenke, ndipo ikaenda baharini. Kesho itatuzunguka.

Kolwezi hatuionei wivu. Ni ndugu zetu. Hadi 2015 tulikuwa jimbo moja. Wapate, wajenge. Lakini hata kwao, treni hiyo itabeba nini? Shaba na kobalti. Bukari je?

Mahindi yanalimwa Kaniama, na reli inapita Kaniama. Lakini unga wa mitaa yetu ya Katuba na Ruashi unapanda lori Zambia, unakuja kulala foleni mpakani Kasumbalesa. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa ugomvi wa bia na vinywaji. Mama mwenye maji jikoni yanayongoja unga, yeye na bia wapi na wapi? Mwaka huo ukame uliipiga Zambia, na sisi tuliiona bei ya mfuko wa unga. Reli tunayo, mahindi tunayo, na bado tunamngoja dereva wa Zambia.

Na watu je? Machi 2022, pale Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo ilianguka na kuua watu zaidi ya 70. Walikuwa wamepanda mabehewa ya mizigo, kama wanavyopanda wengi katika nchi hii wasio na treni yao. Shaba haijawahi kudandia. Binadamu anadandia.

Bunge likifunga kikao, wabunge watarudi nyumbani, watatuhubiria Lobito. Wewe mama wa sokoni, wewe kijana wa Kamalondo, wewe mzee wa SNCC, usipige makofi! Muulize mheshimiwa: kutoka Tenke mpaka Lubumbashi, reli itatengenezwa lini? Mabehewa ya mahindi ya Kaniama ni mangapi? Treni ya abiria itaondoka siku gani, saa ngapi? Akijibu kwa shaba, muulize tena. Akijibu kwa dola, muulize tena. Muulize mpaka akutajie siku: bukari je, mheshimiwa? Bukari je?